Masika Tuliyombeba Donat

9 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha mchana huu, nami nimefungua shajara mpya kama kila mwaka. Wanafunzi wangu huwa ninawaagiza waandike wanachokiona msituni wakati wa masika, na mwalimu asiyefanya kazi anayoitoa ni nusu mwalimu.

Nieleze kazi yenyewe, maana hata majirani zangu hawajaielewa. Ninafundisha burudani za nje, utalii na elimu ya mazingira. Niliporudi kutoka masomoni Ubelgiji, kijana bado, wahandisi wa migodi walicheka sana: nchi imekaa juu ya shaba, na huyu amekwenda Ulaya kusomea kutembea! Wakaniita Prof wa Piknik, na jina limebaki. Mimi nasema hivi: mtu anayeweza kuketi msituni bila kukata wala kuokota kitu, akisikiliza tu, hurudi mjini amebadilika kidogo. Mji unaoishi kwa kuchimba unahitaji watu wa namna hiyo. Hayo ndiyo niliyofundisha maisha yangu yote.

Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Kiti changu, pamoja na shule ya msituni tuliyoianzisha upande wa njia ya Kinsevere, nataka kumwachia Ngalula, msaidizi wangu. Baraza litaamua mwezi wa tatu. Ngalula amezaliwa hapa Lubumbashi, lakini babu yake alitoka mkoa wa Kasai, na kuna wenyeji ambao hiyo kwao bado ni hoja.

14 Novemba

Mvua. Wanawake wameanza kuuza uyoga kando ya barabara. Mke wangu, Marie-Thérèse, amenunua beseni zima.

20 Novemba

Siku ya kwanza ya darasa msituni. Tumekuta visiki vya mukula, vibichi. Mukula ni mti ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu, mzito. Mbao zake zinatafutwa nchi za mbali, na kuukata kumekatazwa; kwa hiyo unakatwa na watu wenye ulinzi.

Fils, ambaye ni msimamizi wa darasa na bingwa wa mizaha, aliruka nyuma alipoona kisiki.

"Ba Papa Prof, hii muti inatoka damu sawa muntu!"

"Iguse basi," akasema Ngalula.

"Apana, Assistante! Kwetu, muti ikitoka damu, unauliza kwanza nani anakufa."

"Kwenu wapi?" Donat akamkata. "Weye ulizaliwa Katuba, pembeni ya bar!"

Katuba ni mtaa wa hapa hapa mjini; hata Ngalula alicheka mpaka akashika tumbo. Donat ni mtoto wa Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani; ni mpole, na huchora ndege vizuri kuliko picha zangu za kamera. Anataka siku moja kupeleka wageni ziwani kwa mitumbwi ya kwao. Fils na yeye wanalala chumba kimoja na kula sahani moja.

27 Novemba

Mvua na radi. Mwalimu mwenzangu Dominique, mkuu wa idara, ananiambia hakuna gari la idara tena, tukodi minibasi. Sawa.

6 Desemba

Tumebishana leo, Ngalula na mimi, mbele ya wanafunzi wote. Aliona alama za matairi ya lori, mbichi, zikipita katikati ya eneo letu.

"Ba Papa, tuhame," akasema. "Tupeleke batoto kule karibu na lami. Hii gari itarudia."

Nikamwambia kwamba shule inayokimbia imekwisha kuwaachia wezi wa miti msitu. Nikaeleza kirefu, kama ninavyopenda. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ni weye unasema, ba Papa. Lakini miye sikubali."

Nikaamua tubaki. Nilikuwa na hakika.

11 Desemba

Donat ameuawa.

Tulikuwa katika zoezi la kukaa kimya. Kila mwanafunzi hupewa mti wake, mbali na wenzake, aketi, asikilize, aandike au achore. Ngalula aliwapanga. Mimi nilibaki kwenye njia. Donat alipata mti wa chini, karibu na bonde.

Lori nililisikia kabla ya kuliona. Lilikuja likiyumba matopeni, magogo mekundu yamefungwa kwa minyororo, na juu ya magogo watu wenye bunduki, suruali za kijeshi na fulana za timu za mpira. Walikuwa wa nani, sijui, na anayesema anajua anadanganya. Mbele kidogo gurudumu likazama. Wakashuka wakitukana. Mmoja akaingia msituni kutafuta matawi ya kutia chini ya tairi, akamkuta Donat.

Katika kazi yangu, kijana aliyeketi kimya chini ya mti, darubini shingoni na penseli mkononi, ni mwanafunzi anayefanya vizuri. Kwa mwizi wa miti, huyo ni mpelelezi. Mimi ndiye niliyemfundisha kukaa hivyo, asigeuke hata akisikia mtu anakaribia, ili ndege wasiruke.

"Weye, unaandika nini? Namba ya gari?"

"Apana, yaya. Nachora ndege," akajibu, akimwita kaka mkubwa.

"Ndege gani? Simama!"

Alisimama. Nilikuwa nakimbia kuelekea kule, na miguu yangu ni ya mzee. Bunduki ililia, ikalia tena, na msitu wote ukanyamaza. Ngalula alinipita kama upepo. Nilipofika alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili imekandamiza tumbo la Donat, damu inapanda kati ya vidole vyake. Yule mtu alimpiga kwa kitako cha bunduki mgongoni. Hakuondoa mikono. Akampiga tena.

"Mama, unataka kubakia naye?"

Kisha akavua darubini kutoka shingo ya Donat, akaivaa.

Sijamaliza. Lori lilikuwa bado limekwama. Wakawakusanya wanafunzi wote kutoka kwenye miti yao, wakawapanga nyuma ya lori, wakawaamuru wasukume. Mwenzao anakufa hatua chache kutoka pale, wao wanasukuma. Fils alikuwa katikati, bega kwenye gogo, mdomo wa bunduki shingoni, analia kwa sauti kama mtoto. Mmoja wa wale watu akamwambia, "Sukuma muzuri, mwanafunzi, si unakulaka kila siku?" Wenzake wakacheka. Lori likatoka. Wakapanda, wakaenda zao bila haraka.

Donat alikufa ndani ya minibasi, kabla hatujafika lami, kichwa chake mapajani mwa Ngalula.

12 Desemba

Nimetoa maelezo kwa wakuu wa polisi. Wameandika: watu wasiojulikana.

13 Desemba

Mvua mchana kutwa. Sili.

15 Desemba

Kilio kimewekwa Katuba, kwa shangazi yake Donat. Hatuwezi kuzika mpaka mjomba wake, kaka wa mama yake, afike kutoka Kilwa. Kwa watu wale mjomba ndiye mwenye mtoto. Na barabara ya Kilwa wakati wa masika, gari laweza kulala kwenye tope siku nyingi. Basi maiti inangoja, na vijana wanangoja, na lutuku, pombe kali ya kienyeji, inapita kwenye chupa za plastiki kutoka mkono hadi mkono.

Nimeketi nao. Siku ya kwanza walisema, "Wale ba mukula banaua ndugu yetu." Jana walisema, "Nani aliwapeleka kule?" Leo nimesikia, "Ni ule mwanamuke wa Kasai njo alimuweka Donat kwenye muti ya mwisho. Juu ya nini Donat, si mwingine?"

Nikasema, "Ni miye niliamua kubaki kule. Wote mulisikia."

Wakaendelea kupitisha chupa. Fils alitazama chini. Hajafanya mzaha hata mmoja tangu siku ile.

16 Desemba

Dominique amemshauri Ngalula asije kilioni, "mpaka roho zipoe." Ni mwoga. Nilimwambia: kwetu, asiyekuja kilioni amejishtaki mwenyewe. Akajibu kwamba hataki maiti ya pili. Ngalula amekubali kubaki nyumbani Bel-Air na mama yake.

18 Desemba

Mjomba amefika. Anaitwa Sylvain, katekista, mtu mdogo mwenye sauti ya chini. Viatu vyake vilikuwa udongo mtupu. Alinishika mkono, akaniuliza jambo moja tu: "Alikufa na mutu pembeni?" Nikamwambia alikufa mikononi mwa Ngalula. Akasema, "Aksanti. Nitamusalimia ule mama." Nilimpenda papo hapo.

Mazishi keshokutwa.

21 Desemba

Mbavu zinaniuma kila ninapovuta pumzi. Naandika polepole, ili niandike yote.

Jana, jeneza lilipotoka nje ya ua, vijana waliwanyang'anya wazee. Ni desturi ya hapa anapokufa kijana: wenzake humbeba, na wanasema maiti yenyewe inawaongoza kwa aliyemuua. Waliobeba wote walikuwa wanafunzi wangu, Fils mbele. Majani kichwani, vifua wazi mvuani, macho mekundu. Jeneza lilipanda, likashuka, likazunguka.

"Anatuvuta! Donat anatuvuta!"

Nimefundisha kubeba machela miaka mingi, kwa hiyo nitaeleza. Watu wengi wakibeba mzigo mmoja, kila mmoja husukumwa kidogo na wenzake. Hakuna anayejua nani ameanza. Kila mmoja anahisi nguvu isiyo yake, na kama amekunywa, na kama ana huzuni, ataapa kwamba ni marehemu. Hawasemi uongo. Lakini mzigo huenda pale wengi wao wanapotaka uende.

Tukafika njiapanda. Kulia ni makaburi. Kushoto ni yadi ya magogo ambayo mji mzima unaijua, yenye ukuta mrefu na walinzi wenye bunduki. Jeneza lilisimama, likitikisika. Mungu anisamehe, niliomba liende kushoto. Halikugeuka hata kidogo upande ule. Likaenda moja kwa moja, mbio, kuelekea Bel-Air.

Nilipanda pikipiki ya taxi, nikawatangulia kwa njia ya nyuma. Nikasimama mbele ya geti la Ngalula, geti la bati la bluu, mikono nimeitandaza. Wakaja wakiimba. Barabara nzima ilijaa, na maduka yakafungwa moja baada ya jingine.

"Ni miye!" nikapiga kelele. "Ni miye nilisema tubakie! Yeye alikataa! Fils, ulikuwako, ulisikia na masikio yako!"

Fils alikuwa mbele yangu kabisa, jeneza begani. Alinitazama. Alikuwa anajua, nasema alikuwa anajua.

"Papa Prof, toka pale. Weye uko wa kwetu. Unasema vile juu ya kumuficha."

"Ninasema kweli!"

"Haiwezi kuwa weye!" akalia, na sauti yake ikapasuka. "Toka!"

Mtu akanivuta kwa kola, mwingine akanisukuma, nikaangukia ukingo wa mfereji. Hapo ndipo nilipovunjika mbavu. Kutoka chini niliona wakirudi nyuma hatua chache, kisha wakakimbia na jeneza wakaligonga getini. Kichwa cha Donat ndicho kilichokuwa mbele. Wakarudi nyuma tena, wakagonga tena. Ubao ukalia. Mara ya tatu geti lilianguka ndani.

Ngalula alitoka. Alisimama uani, mama yake nyuma yake, mikono yake wazi ili kila mtu aone haina kitu.

"Mumuingize ndani," akasema. "Mvua inamunyeshea."

Nadhani, kwa muda wa pumzi moja, walitaka kufanya hivyo. Niliona mabega yao yakilegea. Kisha Fils, mkono mmoja bado chini ya jeneza, aliinama, akaokota nusu tofali, akalirusha. Ngalula hakukwepa. Lilimpata kwenye jicho la kushoto. Sauti yake sitaieleza.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na jiwe. Madirisha yalivunjika. Walimburuta mama yake kwa kitambaa cha kichwa mpaka kitambaa kikatoka, wakamburuta kwa nywele. Godoro lilitolewa likachomwa, moshi mweusi ukajaa ua. Mtu alikuwa anampiga Ngalula teke pale chini na kuhesabu kwa sauti kama kwenye mchezo. Nilijikokota. Nikafika. Nikalala juu yake, na nikapigwa mimi.

Wale wa mbele waliteleza kwenye tope. Jeneza likaanguka upande, mfuniko ukafunguka, na mkono wa Donat ukatoka, katika shati jeupe alilovalishwa na shangazi yake.

Ghafla hakuna aliyekuwa anavunja kitu. Mtu akapiga yowe. Kisha wote wakakimbia, wakikanyagana getini, Fils pamoja nao. Hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kutazamwa na yule waliyemleta.

Sylvain alikuwa anaingia wakati wao wanatoka. Alikuwa amekimbia njia yote nyuma ya jeneza. Mtu yule wa sauti ya chini aliwageukia barabarani akapaza sauti ambayo sikujua anayo.

"Munakimbia nini? Si mulisema njo yeye anawaongoza? Mumungojee basi! Batoto ya bwoga! Kule kwenye bunduki hamukwenda, munakuya kuvunja nyumba ya mama!"

Hakuna aliyegeuka.

Sylvain akarudi uani, akapiga magoti, akaurudisha mkono wa Donat ndani, taratibu, akafunga mfuniko kwa mkanda wa suruali yake. Majirani wawili wakaja. Mimi nikashika kwa upande usioumia. Ngalula alijiinua, kitenge amekibana usoni, damu inashuka mpaka kiwiko, akaingiza mkono wake mmoja chini ya jeneza.

"Apana, mama," akasema Sylvain. "Uko unatoka damu."

"Alinifia mukononi, ba Tonton. Nitamubeba."

Alimbeba mpaka njiapanda. Pale akaanguka, na gari la jirani likampeleka hospitali. Sisi tuliendelea. Donat amezikwa.

24 Desemba

Jicho la Ngalula limekwenda. Madaktari wamelitoa.

3 Januari

Nimemtembelea Ngalula. Nimemwambia kwamba kesho nakwenda kwa wakuu kumtaja Fils. Nilimwona kwa macho yangu, na nitaapa. Akageukia ukuta.

"Usiende, ba Papa."

"Alikutoa jicho!"

"Najua alitoa nini. Ukimutaja leo, kesho bantu bale bale batakwenda kwa mama yake Katuba na mawe. Batasema tena mufu njo anawaongoza. Miye siko mulango ya kuvunja juu ya kila kifo, na ule mama haiko."

"Basi asiadhibiwe?"

"Nilisema vile? Nilisema usiende."

Nilitoka nimekasirika. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote, sikumwelewa.

19 Januari

Mvua ya mawe. Mama yake Ngalula amefungasha. Anataka wapande treni ya Kasai. Anasema amekwisha kuona watu wa Kasai wakifukuzwa mji huu wakati wa ujana wake, na anajua harufu yake. Ngalula hajafungasha.

2 Februari

Nimemkuta Fils kwenye korido. Amekonda. Alisema "Papa Prof," nikapita kama sikusikia. Nimemfikiria siku nzima. Anayelazimishwa kusukuma lori la muuaji, huku muuaji akicheka, hutafuta baadaye mlango anaoweza kuuvunja. Hilo linaeleza. Halisamehe. Nimefundisha muda mrefu mno nikidhani kueleza na kusamehe ni jambo moja.

Malori ya mukula yanapita kama kawaida.

4 Machi

Baraza la idara limekaa. Mmoja akasema kiti kipewe "mtu asiye na matatizo." Nikajiandaa kusema, na mbavu zikanikata pumzi. Aliyesimama ni Dominique, niliyemwita mwoga humu ndani. Akasema, "Ni mimi nilimkataza kwenda kilioni. Nilimfanya aonekane mwenye hatia. Kama ana tatizo, ni mimi na ninyi." Akapiga kura wa kwanza. Wengine wakamfuata.

Ngalula amepewa kiti. Nilipompelekea habari aliuliza tu darasa linaanza lini.

17 Machi

Darasa lake la kwanza. Nilikwenda kama mgeni, nikaketi nyuma.

Minibasi ilitushusha palepale. Sehemu kubwa ya eneo letu imekatwa. Bondeni hakuna mti uliosimama, ni visiki na tope jekundu. Mbali kidogo msumeno ulikuwa unalia, na hakuna aliyejifanya hausikii. Wanafunzi walisimama wakimtazama Ngalula, naye amevaa kitambaa cheupe juu ya jicho.

"Kila mutu na kisiki yake," akasema. "Mukae."

Wakakaa. Wengi wa wale waliobeba jeneza walikuwapo. Fils alikuja wa mwisho, akabaki amesimama pembeni, upande wa kushoto wa Ngalula, kama mtu aliyefika kusikia hukumu. Nadhani alingoja amfukuze. Nadhani alitamani.

Ngalula akaanza kuwaita kwa majina, mmoja mmoja. Dorine, yupo. Stéphane, yupo. Mvua ndogo ilikuwa inaanza.

"Fils."

Wote wakatazama chini.

"Fils."

"Présent, madame," akasema, kwa sauti ya chini.

Ngalula hakugeuza kichwa.

"Sema na nguvu," akasema. "Upande ule sioni tena."